Nusu goti: la simenti au lisilo na simenti? Jinsi ya kulinganisha kabla hujasaini fomu

Mi nimesimama thieta upande wa kupanga vyombo na kumpasia daktari miaka mingi tu, na swali hili huwa naulizwa mgonjwa akiwa ameshalala kwenye kitanda cha magurudumu, kanyolewa, dripu iko mkononi, zimebaki dakika chache achomwe sindano ya mgongo: "Sista, hivi mimi wananiwekea lile la simenti au lile lingine?" Sasa hapo nikujibu nini mama yangu, daktari ameshaanza kunawa mikono na vifaa viko mezani vimefunguliwa. Hilo swali la kuuliza kliniki, wiki kadhaa kabla, na ukiuliza ujue unauliza kwa sababu gani. Kwaiyo hapa naandika jinsi ya kulinganisha haya magoti bandia mawili ya nusu, la simenti na lisilo na simenti, kwa lugha ya kawaida, we mwenyewe au unayemsindikiza mzazi wako.

Nianze na onyo. Simenti ama bila simenti siyo swali la kwanza. Ni la tatu hivi. Watu wanasoma mtandaoni alafu wanakuja wamekomaa na jambo moja tu, wakati goti lenyewe halijaamuliwa kama linafaa kubadilishwa nusu.

Hakikisha kwanza wewe ni wa nusu goti

Goti lina vyumba vitatu: cha ndani (upande unaotazamana na goti lingine), cha nje, na cha mbele pale chini ya pia ya goti. Oparesheni ya nusu goti inabadilisha chumba kimoja tu, na mara nyingi ni hicho cha ndani, sababu ndo kinachobeba mzigo mkubwa na ndo kinachoisha mapema. Vyumba vingine vinaachwa, kano zinaachwa, ndo maana watu wa nusu goti mara nyingi wanasema goti lao linajisikia kama lao, siyo kama chuma cha kuazima.

Ili ufae, gegedu ya chumba cha ndani iwe imeisha kabisa mpaka mfupa unasuguana na mfupa. Ndiyo, kabisa. Hapa wengi wanashangaa, wanadhani ukiwahi goti likiwa limeharibika kidogo ndo vizuri zaidi, kumbe mtu aliyefanyiwa wakati gegedu bado ipo ipo ndo yule anayebaki na maumivu alafu hajui kwa nini. Pili chumba cha nje kiwe kizima. Tatu ile kano ya katikati ambayo wachezaji mpira wanaichana kila siku, ACL, iwe inafanya kazi. Nne, kama mguu umepinda, uweze kunyooka ukisukumwa, na hili wanalipima kwa eksrei inayopigwa huku goti limesukumwa, kwaiyo kama umepigwa eksrei ukiwa umelala tu, basi hapo bado hujapimwa. Na kama ugonjwa wako ni baridi yabisi ya ule mtindo wa kinga ya mwili kushambulia viungo vyenyewe, nusu goti haikufai, maana ule ugonjwa utakuja kula na vyumba vilivyobaki.

Utasikia pia habari za uzito na umri. Mwaka 1989 madaktari wawili wa Marekani, Kozinn na Scott, walitoa vigezo vikasambaa dunia nzima, kwamba mgonjwa awe chini ya kilo 82, awe zaidi ya miaka 60, asiwe mtu wa kazi nzito. Wapo madaktari wanaovifuata mpaka leo, wapo waliovitupa muda mrefu baada ya kuona wanene na vijana nao wanaenda vizuri kama goti lenyewe limetimiza masharti ya juu. Ukiambiwa "umezidi kilo" uliza kama ni hiyo sababu peke yake.

Na je nusu ni bora kuliko goti zima? Kuna utafiti Uingereza unaitwa TOPKAT, ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019, wagonjwa 528 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine nusu goti wengine goti zima, wakafuatiliwa miaka 5. Matokeo kwa ujumla yalikaribiana sana, na nusu goti ikatoka na gharama ndogo zaidi. Upande wa pili, kwenye madaftari ya kitaifa ya viungo bandia (rekodi za nchi nzima za waliowekewa) nusu goti linarudiwa kufanyiwa oparesheni mara nyingi zaidi kuliko goti zima. Kumbuka hilo la kurudiwa, maana hapo ndo simenti inapoingia kwenye stori.

Simenti inashika vipi

Wengi wanadhani simenti ya mifupa ni gundi. Siyo gundi. Ni plastiki inayoitwa PMMA, jamaa wa karibu wa ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, inakuja unga na maji maji kwenye chupa ndogo, tunachanganya palepale. Ile harufu yake ukiinusa mara moja huisahau, inapanda mpaka kichwani, ndo maana siku hizi tunachanganyia kwenye chombo kilichofungwa kinachonyonya hewa. Inapokuwa laini kama ugali mbichi daktari anaipaka na kuisukuma iingie kwenye vitundu vya mfupa (mfupa kwa ndani una vitundu kama sifongo), anaweka chuma, anakandamiza, tunasubiri. Ikikauka imeng'ang'ania vile vitundu kwa upande mmoja na chuma kwa upande mwingine, kama lipu inavyong'ang'ania ukuta uliokwaruzwa.

Ule muda wa kusubiri ni dakika kama kumi, inategemea aina ya simenti na joto la chumba, chumba kikiwa na joto inakauka haraka na daktari anaanza kukimbizana nayo. Mi huwa nabaki na kidonge chake kwenye vidole nakifinyafinya, kikigeuka jiwe (na kinapata moto kweli kweli wakati wa kugeuka) namwambia daktari tayari. Ukiona kazi inategemea kidonge kwenye vidole vya sista utaelewa kwamba simenti ina mambo yake. Mfupa usipooshwa na kukaushwa vizuri damu inakaa katikati. Simenti ikizidi inavuja nyuma ya goti kusikoonekana, kipande kikikatika baadaye kinazunguka humo ndani kinakwaruza ile plastiki inayokaa katikati ya chuma cha juu na cha chini. Haya siyo ya kila siku, lakini ndo makosa ya simenti, na lisilo na simenti halina hayo makosa kabisa.

Faida yake je? Ukitoka thieta goti limeshikwa tayari, leo leo, halingojei mwili wako ufanye kitu. Simenti inajaza mianya, kwaiyo kama mfupa ulikatwa bila kulingana sana inasamehe kidogo. Na inaweza kuchanganywa na antibaotiki ndani yake, ingawa mi hilo nisingelipa uzito mkubwa kwenye uamuzi, maana antibaotiki ya mshipani kabla ya kukatwa unapewa tu hata kama hakuna simenti.

Lisilo na simenti linashika vipi

Mi naliita goti la kubana. Fikiria mpini wa jembe, unachongwa unene kuliko tundu kidogo tu, alafu unagongwa mpaka unakaa. Hivohivo. Daktari anachonga nafasi ndogo kidogo kuliko chuma kinachoingia, anakigonga na nyundo taratibu kinabana chenyewe. Bamba la chini, lile linalokaa juu ya mfupa wa muundi, lina ulimi chini yake kama mkuku wa jahazi unaozama kwenye mfereji uliokatwa kwenye mfupa. Chuma cha juu, kile cha kwenye mfupa wa paja, kina vigingi.

Lakini huko kubana ni kwa kuanzia tu. Upande wa chuma unaogusa mfupa umepakwa titaniamu yenye vinyweleo (vitundu vidogo sana), na juu yake tabaka la haidroksiapataiti, ambayo ni madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Mfupa ukiliona lile tabaka unaota juu yake na kuingia kwenye vinyweleo, wiki kwa wiki, miezi kadhaa, mpaka chuma na mfupa vinakuwa kitu kimoja. Kwaiyo hapa tofauti kubwa ni hii: la simenti lina nguvu zake zote siku ya kwanza, la kubana linapata nguvu zake baadaye lakini kwa mfupa ulio hai, na mfupa ulio hai unajikarabati, simenti haijikarabati.

Kihistoria kidogo tu. Goti la Oxford, ambalo ndo nusu goti lililotafitiwa kuliko yote, lilibuniwa na daktari John Goodfellow na mhandisi John O'Connor miaka ya 1970, likaanza kutumika kwa chumba kimoja cha goti mwaka 1982, lote hilo likiwa la simenti. Toleo la bila simenti likaingia 2004. Hili nalisema kwa sababu moja muhimu: takwimu nyingi nzuri unazozisikia kuhusu nusu goti bila simenti zimetoka kwa hilo hilo la Oxford, ambalo plastiki yake ya katikati inateleza, haijafungwa kwenye bamba. Yapo magoti mengine ambayo plastiki imefungwa, na mengi ya hayo bado ni ya simenti. Daktari akikuambia "bila simenti ni bora", muulize goti la aina gani, asije akakupa takwimu za goti moja alafu akakuwekea lingine. Mwenye goti jingine naye atakuwa na takwimu zake, aziseme.

Tofauti zinazohesabika

Watafiti wametumia daftari la taifa la viungo bandia la Uingereza, Wales, Ireland Kaskazini na Kisiwa cha Man, wakalinganisha magoti ya Oxford ya simenti na yasiyo na simenti baada ya kuwapanga wagonjwa wanaofanana, na kwenye miaka 10 yaliyokuwa bado yapo bila kurudiwa ni kama 93 kati ya 100 kwa yasiyo na simenti, na kama 90 kati ya 100 kwa ya simenti. Tofauti ipo, lakini iangalie vizuri, ni watu watatu hivi katika mia, kwa miaka kumi. Siyo mbingu na ardhi. Kilichopungua zaidi ni goti kulegea bila kuwa na wadudu, upande wa bila simenti ilikuwa chini ya nusu ya upande wa simenti. Kilichoongezeka upande wa bila simenti ni mfupa kuvunjika kando ya goti bandia, namba ndogo bado, lakini imeongezeka.

Hebu tukae kwenye huko kuvunjika kidogo, maana ndo bei halisi ya goti la kubana. Kitu kinachobana kinatanua. Ule mkuku unapogongwa kwenye mfereji, mfupa wa muundi unapata msukumo wa kupasuka, kama gogo linalopigwa kabari. Ukiwa na mfupa mpana, mgumu, uliokatwa vizuri hakuna shida. Ukiwa na muundi mwembamba (watu wa maumbo madogo, wanawake wafupi hasa), au msumeno ulizidi kushuka nyuma wakati wa kukata, au daktari aligonga kwa hasira badala ya taratibu, hapo unaweza kupata ufa. Mara nyingine hauonekani siku ile, unajitokeza wiki za mwanzo mgonjwa akiwa nyumbani, alikuwa anaendelea vizuri alafu ghafla hawezi kukanyaga. Kuna pia bamba kuzama kidogo kabla mfupa haujaota, mara nyingi linazama alafu linatulia lenyewe, lakini likizama sana ni kurudi thieta.

Muda wa oparesheni: bila simenti inaisha mapema zaidi kwa dakika kadhaa, hakuna kusubiri kidonge changu kugeuka jiwe. Kwako mgonjwa hizo dakika siyo kitu kikubwa, kwa thieta yenye foleni ni kitu. Gharama ya kifaa chenyewe kwa kawaida lisilo na simenti liko juu, na sehemu fulani wanaifidia kwa muda na simenti iliyookolewa, sehemu nyingine bili inakuja kwako moja kwa moja, kwaiyo uliza mapema.

Maumivu na kutembea? Hapa nawakatisha tamaa watu wa "jipya ndo bora": ukimkuta mtu mwaka mmoja baada ya oparesheni, huwezi kujua kwa kumtazama anavotembea kama ana simenti au hana. Yote mawili unakanyaga siku hiyohiyo au kesho yake, fizio ni ileile, kukunja na kunyoosha ni kulekule.

Sasa ujipime wewe

Chukua karatasi. Mfupa wako ukoje? Kama umeshavunjika kiuno au mkono kwa kuanguka kidogo tu, kama umetumia dawa za steroidi muda mrefu, kama umepimwa ukaambiwa mifupa imepungua, la simenti linakuwa na maana zaidi, maana la kubana linategemea mfupa ubane na uote, na mfupa dhaifu haufanyi vizuri yote mawili. Hii siyo sheria ya chuma, wapo madaktari wanaoweka bila simenti kwa wazee wa miaka 80 na wanaenda vizuri, ila ni swali la kuuliza kwa sauti. Mfupa wako ni mdogo? Muulize daktari bamba lako litakuwa saizi gani. Kama ni ile ndogo kabisa kwenye seti, muulize anafanyaje kuzuia ufa, na jibu lake litakuambia mengi kuliko brosha yoyote.

Kama wewe ni wa miaka 50 na kitu, mfupa mgumu, una kazi ya kusimama, unategemea goti likae miaka mingi, basi la kubana lina hoja nzuri, kwa sababu ya huko kulegea kulikopungua. Kama unavuta sigara, acha, au angalau simamisha wiki kadhaa kabla na baada, sigara inachelewesha mfupa kuota na kidonda kupona, na hapo la kubana ndo linaumia zaidi.

Kuna wanaoniuliza habari ya mzio. Kama hereni za bei rahisi zinakuwasha masikio, sema, sababu vyuma vingi vya goti ni kobalti na kromu na vina chembe za nikeli. Lakini usidhani kuondoa simenti kunaondoa hilo, chuma cha juu kwa kawaida ni kilekile kwa aina zote mbili. Mzio wa simenti yenyewe upo ila ni adimu, ukiwahi kupata shida na kucha za akriliki au meno bandia ya aina hiyo mtajie daktari.

Jinsi ya kumhoji daktari bila kugombana naye

Swali langu namba moja, na hili mi ningeliuliza hata kama ni ndugu yangu: nusu goti ngapi unafanya kwa mwaka, na katika magoti yote unayobadilisha, nusu ni ngapi? Madaftari yameonyesha waziwazi kwamba daktari anayefanya mbili tatu kwa mwaka, magoti yake yanarudiwa zaidi, na anayefanya nusu goti angalau moja katika kila magoti matano matokeo yake yanakuwa mazuri zaidi. Hilo linazidi simenti kwa mbali. Daktari anayeweka la simenti kila wiki na mkono wake umelizoea, mi ningelala kwenye meza yake usingizi mzito, kuliko mwingine anayenijaribishia la kubana kwa mara ya tatu kwa sababu nimemng'ang'aniza. Narudia, usimlazimishe daktari kuweka kitu asichokizoea. Ukitaka la kubana tafuta anayeliweka siku zote.

La pili: ukifika ndani ukakuta mfupa wangu hauko vizuri utafanya nini? Jibu zuri ni kwamba simenti itakuwepo chumbani tayari na atabadilisha palepale, na vilevile vifaa vya goti zima viwepo akikuta vyumba vingine vimeharibika au ACL haipo. Fomu unayosaini iwe imeandika hivo. Nimeshaona mgonjwa anaamka na goti zima wakati alikuwa anasubiri nusu, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba inawezekana, alilia yule baba, siyo kwa maumivu.

La tatu, likifeli unanifanyia nini? Kwa yote mawili kawaida ni kubadilisha kuwa goti zima, na kama mfupa umebaki wa kutosha inakuwa karibu sawa na goti zima la kwanza. Kama muundi ulipasuka au bamba lilizama sana, wanahitaji chuma chenye mkia unaoingia ndani ya mfupa, oparesheni kubwa zaidi.

Akikuambia anatumia roboti, sawa, roboti inasaidia kukata kwa usahihi, lakini haikupi mfupa mgumu wala haikuondolei haya maswali.

Ule mstari mweusi kwenye eksrei

Hapa nataka nikae maana nimeona watu wanaumizwa. Goti la simenti likishapona, ukipigwa eksrei mara nyingi utaona kamstari keusi kembamba chini ya bamba, kati ya simenti na mfupa. Zaidi ya nusu ya magoti ya simenti wanayo. Kama ni kembamba, chini ya milimita 2, kamenyooka, pembeni yake kuna kamstari keupe ka mfupa uliokaza, na mwaka hadi mwaka hakabadiliki, ni kawaida, goti halijalegea. Mstari wa kuogopa ni ule mnene, usio na mpaka mzuri, unaokua kila ukipigwa picha.

Mzee mmoja ninayemfahamu alikuwa na goti la simenti, akapata maumivu, akaenda hospitali nyingine (siitaji) daktari aliyepo akaona mstari akamwambia goti limelegea tunalitoa. Akarudi kwetu anatetemeka. Eksrei zake za miaka mitatu nyuma zikatafutwa, mstari ni uleule haujasogea hata kidogo, maumivu yalikuwa yanatoka kwenye nyonga. Angekubali wangemtoa goti bandia lisilo na tatizo lolote. Na hii ni moja ya sababu watu wa bila simenti wanasema goti lao linarudiwa kidogo: kule mistari hiyo ni nadra, kwaiyo hakuna kinachomshtua daktari mgeni. Yaani sehemu ya ubora wa bila simenti ni kwamba halisingiziwi.

Jambo lingine, mstari huo unaonekana tu kama miale ya eksrei imepita sambamba kabisa na bamba. Ikipinda kidogo hauonekani, au unaonekana kumbe haupo hivo. Kwaiyo kulinganisha eksrei mbili zilizopigwa kwa pembe tofauti ni kujidanganya.

Ukishatoka wodini

La simenti: anza fizio, kanyaga, fuata maelekezo. La kubana: ni hivohivo, ila miezi mitatu ya mwanzo nakuomba usiwe shujaa. Usiruke, usibebe magunia, usipige magoti kwa kishindo, usianguke kama unaweza kujizuia (toa mikeka inayoteleza, weka taa ya usiku njia ya chooni). Mfupa unaota, mwache uote. Maumivu ya mbele ya muundi chini ya goti miezi ya mwanzo yapo kwa aina zote na mengi yanaisha yenyewe, mtu wa la kubana anaweza kuyasikia kidogo zaidi, asikimbilie kudai limefeli. Ila ukisikia maumivu ya ghafla, hukuwa nayo jana, na mguu haukanyagiki, au umeanza kupinda, nenda siku hiyohiyo ukapigwe eksrei. Homa, kidonda kutoa maji au usaha, goti jekundu la moto: siku hiyohiyo pia, simenti au bila. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukata, usisubiri hata saa moja, inaweza kuwa damu iliyoganda.

Na kabla hujaondoka wodini omba kitu kimoja ambacho wagonjwa hawakijui. Kila kipande tulichokuwekea kinakuja na stika yenye jina, saizi na namba ya kundi lake kiwandani, tunazibandika kwenye faili lako, na kama kuna simenti stika yake ipo hapohapo. Piga picha ule ukurasa kwa simu yako. Omba na eksrei yako ya kwanza baada ya oparesheni, ya kuhifadhi, tuma kwa mwanao au mtu yeyote asiyepoteza simu. Miaka minane ijayo ukikutana na daktari asiyekujua anayeangalia kamstari keusi, hiyo picha ndo kitu cha kwanza atakachokihitaji, na faili la hospitali linaweza lisionekane.